Uliweka kidole gumba, lakini ulisoma?

Kabla hatujaenda mbali, hebu fungua WhatsApp yako uangalie jumbe tatu za mwisho ulizojibu kwa kidole gumba. Usizisome tena. Niambie tu kutoka kichwani, zilisema nini? Kama unakumbuka zote tatu, wewe uko fiti, unaweza kwenda kunywa chai yako. Kama hukumbuki hata moja, vuta kiti. Stori hii inakuhusu, ingawa aliyelipa bei yake ni mimi.

Mimi ni yule msee aliyeacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, na mimi nikachoka kuomba watu wa familia. Sikuleti hapa unihurumie. Nataka tu ujue nilipo: chumba kimoja ghorofa ya kwanza pale Umoja, kompyuta iliyochoka, na mashine ya kubandika picha kwenye tisheti ambayo tuliinunua kwa mkopo na rafiki yangu wa tangu shule ya upili. Tisheti tupu tunazitoa Eastleigh. Tunachapa za vyama, za timu za mtaa, za bethdei, na za mazishi. Hatuna duka la chini, hatuna hata bango. Duka letu ni simu.

Na hapo ndipo shida ilipoingilia.

Mama mmoja wa makamo alitupata kupitia jirani yake. Alikuwa amefiwa na mumewe. Alitaka tisheti 60 zenye picha ya mzee, jina lake na miaka yake, za kuvaliwa na watoto, ndugu na marafiki siku ya kumtoa mzee mochari na kumsafirisha nyumbani, magharibi mwa nchi. Tukakubaliana Sh650 kila moja, jumla Sh39,000. Akatuma nusu, Sh19,500, hapo hapo kwa M-Pesa. Kwetu sisi hiyo ilikuwa oda kubwa ya mwezi.

Jumanne usiku, saa saba kasoro, niko kitandani natazama video za mpira. Mama akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, na chini yake akaandika: "Gari zinatoka Thursday saa 3." Nikafungua sauti, nikaweka kasi mara mbili kama ninavyofanya kila siku, nikasikiliza dakika ya kwanza. Alikuwa anasalimu na kueleza picha ikae upande gani. Nikaona hiyo nimeshika. Nikaweka kidole gumba, nikarudi kwa mpira.

Jumatano asubuhi nikamwandikia mwenzangu: "Ile ya mazishi wapelekewe Thursday kabla ya 3pm."

Umeona nilichofanya? Mama aliandika saa 3. Mimi nikaandika 3pm. Sikudanganya, sikuwa mlevi, sikuwa na nia mbaya. Macho yaliona neno "Thursday", kichwa kikahamia Kiingereza, na ile tatu ikahama nayo.

Alhamisi asubuhi tulikuwa tunachapa kama wendawazimu. Redio iko juu, simu ya kazi imelala kifudifudi mezani, sauti imezimwa kwa sababu magrupu yalikuwa yanapiga kelele tangu alfajiri. Saa tano kamili tukakunja tisheti ya mwisho. Tukagonga mikono. Tumemaliza mapema, maze, tuko mbele ya wakati!

Nikageuza simu. Kulikuwa na simu saba ambazo hazikupokelewa. Ya kwanza ilikuwa ya saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Jamaa wa boda alifika mochari akaambiwa na mlinzi kwamba msafara uliondoka kitambo. Tulipeleka mzigo stendi, ukapanda basi la usiku. Mazishi yalikuwa Ijumaa. Mpaka mtu atoke nyumbani aende mjini kuuchukua na kurudi, mzee alikuwa ameshalala kaburini. Tisheti 60 zenye uso wake zilifika kwa watu waliokuwa wanakunja viti.

Jioni ya Alhamisi, nikiwa nimekaa kwenye ngazi nje ya chumba chetu, nilisikiliza ule ujumbe wa sauti mpaka mwisho, kwa kasi ya kawaida. Kwenye dakika ya tatu mama alisema: "Tafadhali kijana wangu msichelewe, watoto wanataka wavae kabla hawajamtoa baba yao." Maneno hayo yalikuwa kwa simu yangu tangu Jumanne usiku. Tiki zilikuwa za bluu. Kidole gumba changu kilikuwa hapo chini yake, cha manjano, kimenyooka.

Sasa, ningeweza kukuambia simu ni mbaya, tuzitupe, turudi enzi za babu. Huo ni upuzi. Bila simu sina biashara. Lakini nimekaa na jambo hili miezi kadhaa, na nimefika mahali naamini hivi: biashara nyingi ndogo za vijana hapa Nairobi haziuliwi na ukosefu wa mtaji peke yake. Nyingine zinaumizwa na tabia zetu za simu, tabia tulizojifunza tukipiga stori na marafiki, kisha tukazibeba vile zilivyo tukaziingiza kazini. Rafiki yako akikuelewa vibaya mnacheka. Kastama akikuelewa vibaya, kuna mtu anafika mazishini bila sare.

Wacha nizitaje tabia zenyewe, uangalie kama hauko hapo.

Saa yetu na saa ya simu

Hii ya saa ni yetu sisi watu wa Kiswahili, na sijui kwa nini hatuizungumzii. Tunahesabu saa kutoka jua linapochomoza: saa moja asubuhi, saa mbili, saa tatu. Simu inahesabu kutoka usiku wa manane. Ukiongea Kiswahili kitupu hakuna shida, na ukiongea Kiingereza kitupu hakuna shida. Shida ni kwamba sisi wa Nairobi hatuongei chochote kitupu. Tunaandika "tupatane 2" na kila mtu anasoma kwa lugha iliyo kichwani mwake dakika hiyo. Huyu anakuja saa mbili asubuhi, yule anakuja saa nane mchana, na wote wawili wana haki.

Halafu kuna "kesho". Mtu anakuandikia saa sita na nusu usiku: "Naikuja kesho." Kwake yeye bado ni Jumanne kwa sababu hajalala. Kwa simu ni Jumatano tayari. Wewe unaisoma Jumatano asubuhi na unajua atakuja Alhamisi. Jioni anakupigia yuko mlangoni, na wewe hata kitambaa hujakata.

Kidole gumba kinamaanisha nini hasa?

Kidole gumba ni "nimeona"? Ni "nimekubali"? Ama ni "niache nilale"? Uliza watu watano mtaani watakupa majibu matano.

Usidhani ni jambo dogo. Mwaka 2023, kule Canada katika mkoa wa Saskatchewan, jambo hili lilifika kortini. Kampuni ya kununua nafaka ilimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani kwa simu, ikamwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa kidole gumba. Mzigo haukufika. Kortini mkulima akasema kidole kile kilimaanisha tu kwamba ameupata mkataba, hajaukubali. Jaji akasema hapana, katika mazingira yale kidole kile ni sawa na sahihi, na akaamuru mkulima alipe zaidi ya dola 82,000 za Canada. Mwaka 2024 korti ya rufaa nayo ikashikilia uamuzi huo.

Mimi sheria siijui, nilikuwa nasomea mambo mengine na hata hayo sikumaliza. Lakini hapa kwetu pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na hicho ni kiwango ambacho biashara yako na yangu zinaingia vizuri kabisa. Siku mkikosana na kastama mkafika huko, utaulizwa mlikubaliana nini. Utaonyesha nini? Kidole?

Kusikiliza kwa kasi mara mbili

Kasi mara mbili inafaa podikasti. Kwa ujumbe wa kastama ni hatari, kwa sababu watu wetu hawaanzi na jambo lenyewe. Mama wa miaka hamsini atakusalimu, atauliza watu wa nyumbani, atakupa historia, na jambo kubwa ataliweka mwisho kabisa, kwa heshima. Hiyo ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Wewe ukiruka mwisho, umeruka oda yenyewe.

Kusoma kwa niaba ya mwenzako

Hii ni ya wale mnaofanya kazi wawili ama watatu kwa laini moja. WhatsApp inakuruhusu kuunganisha vifaa kadhaa kwa namba moja. Poa. Lakini mmoja wenu akifungua ujumbe, ile alama ya "haujasomwa" inatoweka kwa wote. Mwenzangu hakuwahi kuona maneno ya mama yule, kwa sababu mimi niliyafungua usiku. Kwake yeye mazungumzo yale yalionekana yameshughulikiwa. Aliniamini. Alipata habari kutoka kwangu, na habari yangu ilikuwa imeharibika njiani.

Kufuta na kuhariri

Tangu 2023 WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri ujumbe uliotuma. Ukihariri, mwenzako hapati mlio mpya. Kwa hivyo kastama akiandika tisheti 40, wewe ukaisoma ukaanza kukata hesabu, kisha yeye akageuza ikawa 45, hutajua mpaka siku ya kuhesabu. Kuna na wale walioweka jumbe zipotee zenyewe baada ya saa 24. Mnaongea vipimo vya suti leo, kesho kutwa fundi anaangalia, hakuna kitu. Mficho kama huo weka kwa mambo yako ya mapenzi, si kwa vipimo vya suruali.

"Bei inbox"

Na hapa nawarushia jiwe wafanyabiashara wenzangu. Unaweka picha ya kiatu kwa stetasi, mtu anauliza bei, unamwambia "njoo inbox". Akija inbox unamwachia tiki za bluu masaa matatu. Ukirudi unamwambia bei, yeye ameshanunua kwa mwingine, na wewe unasema Wakenya ni washamba, wanauliza tu hawanunui. Huyo hakukuchezea. Wewe ndiye ulimfungia mlango.

Haya. Najua kuna wanaosema, "Wewe unataka tupigiane simu kama wazee. Kupiga simu ni usumbufu. Simu ikilia bila taarifa mimi moyo unaruka." Nakuelewa, mimi mwenyewe niko hivyo. Kizazi chetu kinaona simu ikilia kinaiangalia mpaka inyamaze, kisha kinaandika, "Niaje, ulikuwa umenicall?" Tunacheka lakini ni kweli. Lakini hebu piga hesabu. Dakika tatu za kuongea hazifiki bei ya chapati moja pale kibandani. Mimi dakika tatu ambazo sikupiga zilinigharimu hivi: tisheti na uchapaji Sh25,200, boda Sh500, mzigo wa basi Sh700. Jumla Sh26,400. Toa diposi ya Sh19,500, tulibaki na shimo la Sh6,900. Salio la mama hatukulidai, na hapo hatujahesabu faida tuliyokuwa tumeshaila kwa mawazo.

Wengine wanasema, na hii hoja ni nzuri, kwamba simu ya kuongea haiachi ushahidi. Kastama atakuambia kwa mdomo nyekundu, kesho aseme alisema maruni. Kweli kabisa. Ndiyo maana sisemi upige badala ya kuandika. Nasema piga, kisha andika mliyokubaliana. Kupiga ni kwa ajili ya kuelewana, kuandika ni kwa ajili ya kukumbuka. Sisi tulikuwa tunataka ujumbe mmoja wa haraka ufanye kazi zote mbili.

Kuna na hoja ya tatu: "Kosa ni la kastama, aandike vizuri." Hii nilijaribu kuiamini kwa siku mbili hivi kwa sababu ingeniondolea mzigo. Lakini yule mama aliandika sahihi. Kwa lugha yake na yangu, saa tatu ni saa tatu. Na hata kama angekosea, mtu aliyefiwa na mume si kazi yake kuhakikisha mimi nimeelewa. Ni kazi yangu. Yeye analipa Sh39,000 ili kuwe na kitu kimoja wiki hiyo ambacho hahitaji kukifikiria mara mbili.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho kimekuwa mbele ya macho yetu miaka mingi: M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Ukituma pesa, mashine haikuwekei kidole gumba. Inakurudishia ulichosema: unatuma kiasi hiki, kwa jina hili, una uhakika? Unasoma jina. Ukiona si lenyewe, unasimamisha. Pesa ikienda, wote wawili mnapata ujumbe wenye kiasi, jina, tarehe na saa. Bibi yangu kijijini hajawahi kufungua kitabu cha biashara, lakini anajua asipoona ujumbe wa pesa kuingia kwa simu yake mwenyewe, hiyo pesa haijafika. Huwezi kumwonyesha skrinishoti akakupa kuku.

Kwa nini tunaiamini? Kwa sababu inarudia maneno kabla ya kutenda. Basi. Sisi tunaishi ndani ya mfumo unaorudia kila shilingi, halafu tukipewa oda ya Sh39,000 tunajibu kwa katuni ya kidole.

Kwa hivyo sisi tuliamua kuiga. Tuliandika sheria tano kwa karatasi tukazibandika ukutani juu ya mashine. Zichukue bure, badilisha zikufae.

Ya kwanza, oda inarudiwa yote kwa maandishi kabla ya diposi kupokelewa. Yetu inasoma hivi: "Tisheti 60, nyeusi, picha mbele, jina mgongoni. Tunaleta mochari Alhamisi tarehe fulani, saa mbili kamili asubuhi, 8:00am. Ni sawa?" Saa tunaiandika kwa Kiswahili na kwa namba za simu, zote mbili. Siku tunaiandika kwa jina na tarehe. Neno "kesho" tumelipiga marufuku kazini.

Ya pili, kastama lazima ajibu kwa neno. Akiweka kidole gumba tunampigia. Si kwa ubaya, tunasema tu, "Mama, nilitaka nihakikishe tumeelewana." Mpaka leo hakuna aliyekasirika. Wengi wanashukuru, na kama mara mbili hivi tumegundua kitu kilichokuwa kimekosewa.

Ya tatu, ujumbe wa sauti unasikilizwa mpaka mwisho kwa kasi ya kawaida, na anayeusikiliza anaandika kwa daftari. Ndiyo, daftari la shilingi hamsini. Daftari haliishiwi chaji na halina mpira wa jana usiku.

Ya nne, kama umefungua ujumbe na huwezi kuushughulikia sasa hivi, unaurudisha uwe haujasomwa. WhatsApp ya biashara pia ina lebo: oda mpya, malipo yanasubiriwa, imelipwa, imekamilika. Zilikuwa hapo siku zote. Sisi tulikuwa tunabadilisha tu picha ya wasifu.

Ya tano, baada ya saa tatu usiku, na hapa namaanisha 9pm, hakuna anayejibu oda. Kuna jibu la moja kwa moja linalomwambia kastama tutamjibu saa mbili asubuhi. Kama ni dharura, apige. Na simu ya kazi haizimwi sauti mchana. Magrupu ndiyo yanayozimwa sauti, moja moja.

Hizi sheria hazikuja kirahisi, na hapa kuna sehemu ninayoona aibu kukuambia. Baada ya ile Alhamisi, mimi na mwenzangu tuligombana. Yeye aliona tudai salio, kazi tumefanya. Mimi niliona tusidai. Sasa sikiliza ujinga: tunafanya kazi chumba kimoja, ukinyoosha mkono unamgusa, lakini ugomvi wote tuliufanya kwa WhatsApp. Siku mbili. Yeye akaandika "Sawa." na nukta mwisho, mimi nikaisoma kama tusi. Nikamjibu "Poa", yeye akaisoma kama nimemfukuza. Siku ya pili jioni alikuwa anaongea kuhusu kugawana mashine, ambayo hata deni lake hatujamaliza.

Kilichotuokoa ni stima kupotea. Data ilikuwa imeisha, chaji imeisha, tukajipata kibandani tukila mandazi bila cha kushika mkononi. Akaniuliza, "Kwani ulikuwa unamaanisha nini?" Nikamwambia. Akacheka, si kwa furaha, lakini akacheka. Kumbe alitaka salio kwa sababu alijua mkopo unaiva wiki ile na aliogopa kuniambia hana. Mimi nilidhani ni tamaa. Hilo neno moja, hofu, halikuwa kwenye jumbe zote zile tulizotupiana. Lisingeingia pia. Hakuna emoji yake.

Ndiyo maana nakuambia suala hili si la tisheti. Una kinyozi mtaani, unauza keki, unapiga picha za harusi, unaleta mboga kwa apatimenti, wewe na mwenzako mnaendesha saluni ya viti viwili: biashara yenu yote ni ahadi. Hamna ghala, hamna wakili, hamna mtu wa mapokezi. Mna neno lenu tu, na neno lenyewe linapita ndani ya kioo cha inchi sita kinachowaka taarifa mia kila saa. Likipotea njiani, hakuna idara ya malalamiko ya kulitafuta. Kuna jina lako tu, na mtaani jina likichafuka linatembea haraka kuliko boda.

Yule mama nilimpigia Jumamosi, mazishi yakiwa yamepita. Nilizunguka chumba mara nne kabla ya kubonyeza. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nikamwambia, "Mama, pole sana. Kosa lilikuwa langu, si la mwenzangu. Salio usitume, na ukitaka diposi yako tutairudisha kidogo kidogo." Alinyamaza. Nyuma yake nilisikia sufuria na sauti za watoto. Kisha akasema diposi nibaki nayo, kwa sababu watoto wamezivaa leo asubuhi kwenda kuweka maua. Halafu akaniambia, bila hasira, vile mama angemwambia mtoto wake aliyeanguka mahali alipoonywa: "Lakini kijana wangu, ungenipigia tu."

Siku hiyo ndiyo ile sheria ya pili ilizaliwa.

Kwa hivyo rudi kwa zile jumbe tatu nilizokuambia mwanzo. Chagua moja, ile ya mtu anayekungoja kwa jambo la pesa ama la moyo. Isome yote. Kama kuna saa ndani yake, uliza ni ya asubuhi ama ya mchana. Kisha mpigie. Akishtuka akuulize kuna nini, mwambie hakuna, ulitaka tu kuhakikisha mmeelewana.